Elden Ring: mnaizungukaje Limgrave bila ya kuongozwa?

Mwanagenzi

Ndugu wachezaji wenzangu, salaam.

Nimeanza kucheza mchezo wa video wa Elden Ring hivi karibuni, baada ya kuisikia ikisifiwa tangu ilipotoka Februari 2022, na sasa niko Limgrave, nchi yake ya kwanza, ambapo ninahitaji busara za waliotangulia. Kila ninapopumzika kwenye kituo cha neema, mwale wa dhahabu hutokea na kunielekeza kwenye ngome ya Stormveil. Nimeufuata mwale huo kwa utiifu hadi kwenye daraja la ngome, na hapo ndipo Margit, adui anayelilinda daraja hilo, ananiangusha kabla sijampunguzia hata robo ya uhai wake. Ninarudi, ninapigwa tena, na runi zangu, ambazo ndizo fedha za mchezo huu, zinabaki palepale miguuni pake.

Rafiki aliyenishauri niununue mchezo huu alinisifia jambo moja tu: kwamba dunia yake ni kubwa na iko wazi, na kwamba raha yake iko katika kuizunguka. Mimi hadi sasa nimeona barabara moja, kanisa moja lisilo na paa na daraja moja. Nikifungua ramani ninakuta sehemu kubwa ni karatasi ya kahawia isiyochorwa kitu. Hakuna orodha ya kazi za kufanya, hakuna mshale, na watu ninaokutana nao wananieleza mambo kwa mafumbo kisha wananyamaza.

Ninaomba kujua nyinyi mnafanyaje. Je, mwale ule mnaufuata au mnauacha? Mkifika eneo jipya, mnatambuaje kwamba bado hamjaliweza? Na wale mnaosema mmekuta maajabu mengi, mliyakuta kwa kutafuta au kwa bahati? Ombi langu la pekee ni kwamba msinifichulie hadithi yenyewe wala mabosi, yaani maadui wakuu, walioko mbele, kwa sababu ningependa niyaone kwa macho yangu.

Kozi

Karibu sana, ndugu Mwanagenzi.

Kwanza tuelewane kuhusu mwale. Mwale unakuonyesha upande ambao safari kuu inaelekea, lakini haukuambii kwamba ni lazima uende sasa hivi. Wachezaji wengi hufika kwa Margit mapema mno kwa sababu wanauchukulia kama amri, ilhali nyuma yao kuna nchi nzima ambayo hawajaikanyaga. Huyo Margit hana haraka, na ataendelea kukungoja pale darajani hata ukizunguka kwa majuma.

Pili, ile karatasi ya kahawia si tupu kama unavyodhani. Itazame kwa makini, nawe utaona kwamba juu ya njia kumechorwa nguzo ndogo sana. Kila nguzo ni jiwe lililosimamishwa kando ya barabara, na chini yake kuna kipande cha ramani ya eneo hilo. Jiwe la magharibi ya Limgrave liko kwenye magofu ya Gatefront, barabarani kabisa, katikati ya kambi ya askari ambao huenda uliwapita mbio ukiwa unaifuata ngome. Ndiyo maana mimi nikiingia nchi mpya siangalii adui wala hazina kwanza: ninafungua ramani, ninaitafuta nguzo, kisha ninampanda Torrent, farasi wangu wa mchezoni, na kwenda kukichukua kipande hicho hata kama nafukuzwa.

Ukishakipata kipande, ramani inakuwa mchoro, na mchoro huo husomwa kama unavyosoma sura ya mtu. Msitu umechorwa ukiwa msitu, magofu yamechorwa kuta zake, na makanisa yanaonekana. Ukiona tundu jeusi lenye ukingo wa rangi ya chungwa, hapo pana mgodi, na ndani ya migodi ndimo yanamopatikana mawe ya kunolea silaha. Mmoja uko kaskazini ya ziwa Agheel, umbali mfupi tu kutoka ulipo. Ukishapata mawe hayo, rudi kwenye lile kanisa lisilo na paa, kwa maana lina fuawe itakayokuwezesha kuimarisha silaha yako hadi daraja ya tatu bila ya mhunzi. Katika saa za mwanzo, silaha iliyoimarishwa ina faida kubwa kuliko ngazi mbili tatu za nguvu ya mwili, na hilo ni jambo ambalo mchezo haukuelezi popote kwa uwazi. Vivyo hivyo, ukiona kichipukizi cha mti kinachong'aa kwa dhahabu kando ya njia, kisogelee, kwa kuwa hapo ndipo unapopata mbegu za kuongezea chupa zako za uponyaji. Na ndani ya makanisa mengi utapata machozi yanayozifanya chupa hizo ziponye zaidi.

Kuhusu kutambua kwamba eneo hujaliweza, hakuna namba inayoandikwa juu ya kichwa cha adui, kwa hiyo ni lazima upime mwenyewe. Mimi humtafuta adui wa kawaida aliyejitenga na wenzake, nikampiga mara moja na kungoja anipige mara moja. Akipoteza unyuzi tu wa uhai wake, nami nikapoteza nusu ya wangu, ninampigia Torrent filimbi na kuondoka, kisha naweka alama kwenye ramani ili nirudi siku nyingine. Jambo la kuzingatia ni kwamba kipimo hiki kifanywe baada ya kuzitumia runi zako zote. Ukiwa huna cha kupoteza, kufa hakuna gharama, na unaweza kuingia hata mahali pa kutisha ili upaone tu.

Hayo ya ramani yanatosha, lakini naomba niseme neno moja zaidi: usiitazame ramani muda wote. Panda kilima, simama, uangalie. Mchezo huu umetengenezwa kwa namna kwamba karibu kila kitu unachokiona kwa mbali unaweza kukifikia, na wenye kuutengeneza wamekiweka kitu hicho mahali ambapo jicho litaangukia. Mfanyabiashara Kalé, yule wa kanisani, anauza darubini, nami naona ni ununuzi wenye thamani kuliko watu wanavyoudhania.

Tausi_wa_Pwani

Mimi nitajibu swali lako la tatu, la kutafuta na bahati, kwa tukio ambalo wachezaji wengi wamepitia.

Katikati ya ziwa Agheel kuna magofu yaliyoungua. Chini ya magofu hayo kuna ghala, na ndani ya ghala mna panya wachache na sanduku. Nililifungua kama nilivyozoea kufungua masanduku mengine, moshi ukatoka na kunifunika, na nilipopata kuona tena nilikuwa ndani ya pango lenye fuwele ambalo sikulijua, katika nchi ambayo sikuwahi kuisikia jina. Nikafungua ramani ili nirudi, ikakataa, kwa sababu ukiwa ndani ya pango la namna hiyo huruhusiwi kusafiri kwa ramani. Njia ya kutoka ilikuwa inalindwa na viumbe mithili ya wadudu wanaosimama wima, na kila mmoja wao alikuwa na uwezo wa kuniua kwa pigo moja au mawili.

Ilinibidi nijifunze kunyata. Nilikaa nyuma ya kuta nikiwahesabia hatua, nikawaacha wageuke, nikakimbia kutoka kibanda hadi kibanda, nikafa, nikarudia. Nilipotoka nje nilikuta mbingu nyekundu na bwawa linalooza hadi upeo wa macho, na ndege na mbwa waliokua kupita kiasi. Hiyo ndiyo Caelid. Wakati huo ningeweza kufungua ramani na kurudi Limgrave papo hapo, lakini niliganda pale kwa muda mrefu nikitazama, kwa sababu ndipo nilipotambua ukubwa wa dunia niliyoingia.

Ninalolitoa katika tukio hilo ni hili: sanduku lile liliwekwa kwa makusudi. Aliyelipanga alijua kwamba mgeni atalifungua, akajua atatupwa mahali asipopaweza, na akahakikisha kwamba ipo njia ya kutoka kwa mtu mwenye subira. Kwa hiyo mimi siamini kwamba tunakuta vitu kwa bahati tupu. Tunavikuta kwa sababu tumekubali kugeuka njiani, na kuna mtu aliyeyatafakari mageuko yetu kabla yetu. Dunia ya namna hii haikuadhibu kwa udadisi, hata pale inapokutia hofu.

Kwa hiyo, ndugu, lifungue. Tumia runi zako kwanza, kisha nenda ukalifungue.

Nahodha_Bara

Naunga mkono waliotangulia, ila nimeona hakuna aliyegusa lalamiko lako kuhusu kukosekana kwa orodha ya kazi, nami nalichukulia kuwa ndilo zito kuliko yote.

Nimecheza michezo ya aina hii kwa miaka mingi, na ninaweza kukuonyesha jinsi jambo hili lilivyobadilika. Katika Morrowind, iliyotoka mwaka 2002, hakukuwa na alama ya kukuonyesha lengo lako. Mtu alikueleza kwa maneno: fuata mto, vuka daraja, ukifika njia panda shika kushoto. Maelezo hayo yaliandikwa katika daftari la mchezo kwa mpangilio wa siku, na ulipopotea ulirudi kuyasoma upya. Ilipofika Skyrim, mwaka 2011, mchezo ulikuwa na dira juu ya kioo na alama iliyokuongoza hadi kwenye mlango unaoutaka. Ilikuwa faraja kubwa, nami sitaidharau, lakini niligundua kwamba ninaweza kuvuka jimbo zima nikiitazama alama tu bila ya kukumbuka hata mti mmoja niliopita.

Elden Ring haifuati hata mmoja kati ya mifano hiyo miwili. Imekunyima alama, na vilevile imekunyima daftari. Katika sasisho la Machi 2022 waliongeza alama ndogo kwenye ramani zinazoonyesha majina ya wahusika uliokutana nao, na hilo lilisaidia sana, lakini alichokuambia mhusika na alichokuomba bado ni juu yako kukumbuka. Na wahusika hawa hawakai mahali pamoja milele. Unaweza kumkuta mtu leo, ukaendelea na safari kuu, ukarudi na kukuta ameondoka, na kisa chake kimeendelea au kimekwisha bila yako.

Kwa sababu hiyo ninakushauri kwa dhati uwe na daftari la karatasi, tena uliweke mkononi wakati unacheza. Andika jina la mtu, mahali ulipomkuta, maneno yake yaliyokuwa na jina la mahali au la mtu mwingine, na kitu alichokupa. Kwa mfano, kwenye kibanda cha Stormhill, kabla ya daraja lako hilo la mateso, anakaa msichana aliyevaa vazi jekundu. Kama ulimpita, rudi ukazungumze naye hadi aanze kurudia maneno yale yale. Nenda pia kusini, uvuke daraja uingie Weeping Peninsula, rasi ambayo mvua haikatiki kwa urahisi. Barabarani utamkuta binti asiyeona akiwa na barua. Andika anachokuambia. Nchi hiyo ya kusini, kwa maoni yangu, ndiyo mahali panapomfaa mgeni aliyeshindwa na Margit: maadui wake unaowaweza ni wengi, makanisa yake yana machozi aliyoyataja Kozi, na mwishoni kuna ngome nzima, Castle Morne, ambayo wanaoufuata mwale tu hawaioni kamwe.

Jambo jingine la kuandika, au hata kuchora, ni picha. Katika vibanda fulani utakuta mchoro wa mandhari umetundikwa. Hakuna maelezo. Unachotakiwa kufanya ni kuitafuta sehemu ile aliyokuwa ameketi mchoraji alipokuwa anachora. Unapanga mlima na mnara, unasogea kushoto kidogo, unarudi nyuma hadi umbali ulingane. Ukipatia, unamkuta mzimu wa mchoraji ameketi kwenye kiti chake, naye anatoweka na kukuachia zawadi. Sijaona mchezo mwingine ulioniomba nitazame nchi kwa uangalifu wa namna hiyo.

Mzee_Hodari

Kwa heshima zote kwa walionitangulia, ninaomba kutofautiana nao kidogo, kwa sababu ushauri wa kuzunguka nchi nzima kwanza una hasara yake, na mgeni anastahili kuijua.

Stormveil ni miongoni mwa sehemu zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa sana katika mchezo wote. Kuna mlinzi wa lango anayekushauri usipite mbele, bali upite kwenye upenyo wa pembeni, na kuanzia hapo unapanda kingo za mwamba, unapita juu ya mapaa, unashuka ndani ya vyumba vyenye giza, na unagundua kwamba mlango uliokuwa umefungwa saa nzima iliyopita unafunguka kutokea ndani na kukurudisha kwenye kituo kile kile ulichoanzia. Mtu anayefika hapo akiwa na nguvu za kupita kiasi hukimbia tu katikati ya ua, akiwafagia askari, na hayaoni yote hayo kwa kuwa hayamlazimu. Nimewasikia watu wakisema ngome hiyo ni ya kawaida, na kila nilipowauliza nilikuta waliingia wakiwa wamekwisha kuzunguka hata nchi za mbele.

Kwa hiyo zunguka, lakini kwa kiasi. Maliza rasi ya kusini, ingia mgodi mmoja au miwili, imarisha silaha hadi hiyo daraja ya tatu, kisha rudi darajani. Margit hurefusha mapigo yake kwa makusudi: anainua fimbo, anaisimamisha hewani, na yeye hungoja ukwepe kabla ya wakati. Ukiacha kukwepa anapoinua mkono, ukakwepa mkono unaposhuka, utaona pambano linabadilika kabisa. Hilo haliletwi na ngazi.

Kozi

Mzee Hodari amesema kweli kuhusu ngome, na ninakubaliana naye. Nitaongeza tu kwamba ukubwa wa hatari hiyo unategemea mahali unapozunguka. Limgrave na rasi ya kusini havitakuharibia Stormveil. Kitakachokuharibia ni kuipita ngome yenyewe kwa ile njia ya ukingo wa mwamba inayotokea nchi ya mbele, yenye maziwa ya maji, ukakaa huko hadi ukawa jabali, kisha ukarudi. Njia hiyo ipo, na ni vyema mtu kujua kwamba ipo, ila mgeni aiache kwa sasa.

Mwanagenzi

Nawashukuru nyote kwa moyo mmoja. Nimefuata ushauri wenu na ninarudi kutoa taarifa, pamoja na swali jingine.

Nimekichukua kipande cha ramani cha Gatefront nikiwa nafukuzwa, kama alivyosema Kozi. Nimeshuka kusini, nimemkuta yule binti, na barua nimeifikisha ilikotakiwa ndani ya Castle Morne. Daftari langu tayari lina kurasa, na nimeshangaa kuona jinsi kuandika kunavyobadilisha usikivu wangu: zamani niliyapitisha mazungumzo haraka, sasa namwacha kila mtu amalize. Ndugu Nahodha, nimeona pia mchoro mmoja kibandani, na bado ninautafuta mlima wake. Margit naye ameanguka. Mzee wangu, ni ule mkono unaosimama hewani. Nilipoacha kuuogopa, aliyebaki mbele yangu alikuwa adui kama maadui wengine. Sanduku la ziwani bado sijalifungua, dada Tausi, lakini runi nimekwisha kuzitumia.

Swali langu ni hili. Nilipokuwa napita kwenye msitu wa mashariki, Mistwood, nilisikia mlio kama wa mbwa mwitu ukitoka juu ya magofu. Nilizunguka magofu yote, nikamwona mtu amesimama juu ya ukuta, nikamwita kwa kila namna niliyoijua, hakushuka. Nilipojaribu kukaa na kusubiri, akatokea dubu mkubwa ajabu, na nikalazimika kukimbia. Je, kuna kitu ninakikosa?

Nahodha_Bara

Dubu huyo mwache kabisa, hayumo katika hesabu yako kwa sasa.

Kuhusu mlio, tayari unaye mtu wa kumuuliza, nawe unamfahamu tangu saa yako ya kwanza. Rudi kanisani kwa Kalé. Kwa kuwa umekwisha kuusikia mlio huo, utaona katika mazungumzo yake limeongezeka jambo jipya la kumuuliza, naye atakufundisha ishara fulani ya mkono. Rudi msituni, simama chini ya ukuta ule, uifanye ishara hiyo. Yatakayofuata yaandike yote, hata yale yanayoonekana madogo, maana mhusika huyo ana safari ndefu.

Tausi_wa_Pwani

Na ukiwa huko huko Mistwood, kabla hujaja kulifungua sanduku langu, litafute jengo kuukuu la mawe lililo kati ya miti, lenye lifti ndani yake. Ulisema usifichuliwe, kwa hiyo sitakueleza inakwenda wapi. Simama juu yake, iache ishuke hadi mwisho, na usifungue ramani kabla haijasimama.